Mwongozo kamili wa papai: bichi, bivu, mbegu na majani, jinsi ya kulitumia nyumbani bila kujidhuru

Ndugu zangu, papai hapa Dar limezoeleka mpaka watu hawalioni tena. Liko kwa muuza matunda wa mtaani, liko kwenye bakuli la matunda ya kukata pale stendi, liko nyuma ya choo cha jirani limejiotea lenyewe na hakuna anayelimwagilia. Alafu huyo huyo mwenye mpapai uani anaenda duka la dawa kununua vidonge vya vitamini C. Mi siwalaumu, ila naumia, maana mpapai wangu hapa Kivule umenilishia watoto tangu wakiwa wanaanza kula mpaka leo wanaenda shule wenyewe.

Kitu kikubwa ninachotaka ushike kabla hatujaanza ni hiki: papai lina umri, na kila umri una kazi yake. Bichi lina kazi yake, linaloanza kupiga njano lina kazi yake, lililoiva lina kazi yake, mbegu na majani nazo zina mambo yake. Wanaoharibikiwa wengi wanachanganya, wanatumia la umri huu kwa kazi ya umri ule, mwingine anajipaka papai bichi usoni, mwingine anampa mjamzito kachumbari ya papai bichi, mwingine anaweka papai lililoiva kwenye nyama ya mishkaki alafu analalamika mbona haijalainika.

KWANZA, NDANI YAKE KUNA NINI

Asili ya papai ni Amerika ya Kati na kusini mwa Mexico huko, likasambaa duniani na meli za Wahispania na Wareno, ndo mana hata jina lake tumelipokea kutoka kwa Wareno. Kwaiyo ni mgeni aliyekaa pwani yetu mpaka akawa mwenyeji.

Gramu 100 za papai lililoiva, yani kama kipande cha kujaza kiganja, zina vitamini C karibu miligramu 60. Chungwa lina kama 53 kwa kipimo hicho hicho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku, kwaiyo kibakuli kimoja kidogo cha papai asubuhi kimeshamaliza hesabu ya siku nzima na kuzidi. Niseme ukweli lakini, pera linalipita papai mbali sana kwenye vitamini C, linafika miligramu 200 na ushee. Ila pera lina msimu wake na mzee asiye na meno hawezi kulitafuna, papai lipo karibu mwaka mzima na hata mtoto wa miezi sita analimeza, ndo ushindi wake huo.

Ile rangi ya chungwa ndani ndo inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ya macho na ngozi. Hii rangi inaingia mwilini vizuri zaidi ikikutana na mafuta kidogo, kwaiyo ukila papai baada ya mlo wenye tui la nazi, au ukilichanganya na parachichi, unafaidi zaidi kuliko ukilila peke yake tumbo tupu. Papai lenye nyama nyekundu lina pia ile rangi ya kwenye nyanya. Kuna foleti, nzuri kwa wanawake wanaotarajia kushika mimba, kuna potasiamu, kuna nyuzinyuzi kidogo, na maji ni karibu asilimia 88. Kalori ni kama 43 tu kwa gramu 100, ndo mana wanaopunguza mwili wanalipenda.

Sasa kuna faida moja ambayo naona haitajwi vya kutosha na kwangu ndo ya kwanza. Hapa kwetu akina mama na watoto wengi wana upungufu wa damu, na chakula chetu cha kila siku ni ugali maharage, mchicha, kisamvu, matembele. Hivi vyote vina madini ya chuma lakini chuma cha kwenye mimea mwili unakipokea kwa shida. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo huo huo inausaidia mwili kukivuta. Kwaiyo papai ulile pamoja na maharage, au dakika hiyo hiyo ukimaliza, sio saa nne baadae. Na chai ya rangi iache kwanza, isogeze saa nzima mbele, maana chai inazuia chuma kuingia. Ni kitu kidogo hakina gharama, kubadilisha tu mpangilio, chai unatoa papai unaweka. Mi nyumbani nimekifanya sheria, mlo wa mchana wa maharage lazima kuwe na kipande cha papai au ndimu ya kukamulia.

Tumboni nako linasaidia kwa wale wanaopata choo kigumu, hasa wazee, ila lazima na maji wanywe. Watu wanasema papai linasaga chakula kwa sababu ya kimeng'enya chake kinachoitwa papaini, ni kweli kimeng'enya kipo, ila kimejaa kwenye utomvu wa papai bichi, kwenye lililoiva kinakuwa kimebaki kidogo sana. Kwaiyo lililoiva linakusaidia zaidi kwa maji na nyuzinyuzi zake.

Na halizuii mafua wala haliponyi kisukari wala kansa, atakayekwambia hivo akikuuzia unga wa papai kwenye kopo usimpe hela yako.

KUNUNUA

Ukienda Buguruni, Mabibo, Temeke Stereo au Ilala utayakuta yamepangwa, mengi yanatoka Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo na Morogoro. Usichague kwa ukubwa. Angalia rangi karibu na chini, kule upande wa mbali na kikonyo, kama kuna michirizi ya njano basi lilichumwa limekomaa. Hii ni muhimu kuliko yote, papai halizidi utamu sana baada ya kuchumwa, linalainika tu. Lililochumwa kijani kabisa utaliweka ndani wiki nzima, litalainika, litapata hata njano, lakini ukilila ni kama unakula tango. Sio kwamba wewe umekosea kulivundika, lilichumwa mapema basi.

Kama unataka kula leo, chukua lenye njano zaidi ya nusu, ukilibonyeza kidogo kwa kidole gumba linaitika bila kubonyea moja kwa moja, na karibu na kikonyo linanukia. Kama unataka la keshokutwa chukua lenye njano robo. Libebe mkononi, la uzito mzuri ndo lina maji. Madoa madogo madogo hayana neno, ila doa jeusi lililobonyea ndani kama shimo ujue ni ukungu umeshaingia, acha.

La mboga au la kulainishia nyama, nunua la kijani kabisa, gumu, ukilikwaruza kwa kucha linatoa utomvu mweupe. Lisilotoa utomvu ni la zamani, nguvu imeshapungua.

Kuhusu yale ya kukata yanayouzwa kwenye vikopo barabarani, mi sisemi usile kabisa, wale ni kina mama na vijana wanatafuta riziki kama sisi. Ila angalia kama yamefunikwa, kama anakata mbele yako, kisu anakisuuza kwenye maji gani. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa Dar mwezi wa nane kikasambaa mikoa mingi, na matunda yaliyokatwa yakaachwa na nzi ni njia nzuri sana ya ugonjwa kama huo. Ukiweza nunua zima ukate mwenyewe.

KULIIVISHA NA KULITUNZA

Papai lenye njano kidogo lifunge kwenye gazeti, liweke sehemu kavu yenye joto jikoni, siku mbili tatu liko tayari. Ukitaka liharakishe weka pamoja na ndizi mbivu ndani ya gazeti hilo hilo, ndizi inatoa hewa inayoivisha. Wazee pwani wanalichora, yani unapitisha ncha ya kisu juu juu kwenye ganda mistari minne mitano kwa urefu, utomvu unatoka, unalifuta, alafu unaliacha. Kisu kiwe kisafi na papai liwe limeoshwa kwanza, maana hapo umelifungulia mlango wa ukungu.

Kosa la kila nyumba: papai bichi kwenye friji. Baridi linalidhuru, linagoma kuiva, ukilitoa lina mabaka na ladha imekufa. Acha liive kwanza nje, likishaiva ndo liingie friji, hapo linakaa hata siku nne tano. Likishakatwa, kwenye chombo chenye mfuniko, siku mbili, maana kila linavyokaa wazi vitamini C inapotea.

KULIKATA

Liosheni kabla ya kulikata hata kama huli ganda, maana kisu kinapita kwenye ganda kinapeleka uchafu ndani. Maji safi yanayotiririka na mkono wa kusugua. Kata vipande viwili kwa urefu, toa mbegu na kijiko, usizitupe tutazirudia, alafu menya. Ukikuta ndani karibu na ganda kuna kijani bado, ongeza unene wa kumenya, hapo ndo utomvu uliobaki ulipo na ndo panapowasha midomo. Kamulia ndimu, nyunyizia chumvi kidogo kama unapenda. Papai na ndimu ni kama ndugu, hata harufu ile ambayo watoto wengine hawaipendi inapungua.

Kwa mtoto anayeanza kula miezi sita, chukua sehemu ya katikati iliyoiva vizuri, ponda kwa uma, mpe vijiko viwili vitatu siku ya kwanza bila kuchanganya na kitu kingine, uangalie kama anapata vipele. Usiongeze sukari. Usitie asali pia, asali ni mpaka afike mwaka. Mtoto akila sana kila siku viganja vinaweza kuwa vya njano njano, ni ile rangi tu, ukipunguza inaondoka. Ila kama mpaka nyeupe ya macho imekuwa njano hiyo sio papai, mpeleke hospitali.

JUISI

Hapa nitakuwa mfupi maana kila mtu anajua. Papai nusu la wastani, pasheni nne zilizochujwa, ndimu moja, maji ya kunywa glasi mbili, blenda. Usichemshe. Sukari onja kwanza, mara nyingi haihitajiki. Kuna kitu kimoja ambacho watu wanapata shida: papai na maziwa. Ukisaga papai na maziwa kunywa hapo hapo. Ukiliweka hata kwenye friji masaa mawili matatu linakuwa chungu, na watu wanadhani maziwa yalikuwa mabovu. Ni ile papaini iliyobaki inakata protini ya maziwa. Kwa sababu hiyo hiyo jeli ukiitia papai fresh haigandi.

PAPAI BICHI NA NYAMA

Hapa ndo penyewe. Kila anayechoma mishkaki hapa mjini anajua siri ya papai bichi, lakini wengi wanakisia, na nyama inawaharibikia.

Papaini inakata nyuzi za nyama. Inafanya kazi taratibu nyama ikiwa ya baridi, na inaamka hasa nyama ikishaanza kupata moto, nyuzi joto 60 mpaka 70 ndo kilele chake, alafu moto ukizidi inakufa. Kwaiyo hata muda mfupi wa kuloweka unatosha kwa sababu kazi kubwa inaenda kumalizikia jikoni.

Chukua papai bichi lioshe, usilimenye, maana ganda ndo lina utomvu mwingi. Likwangue kwenye ile ya kukwangulia karoti au twanga kwenye kinu. Nyama ya ng'ombe kilo moja, ya mishkaki iliyokatwa vipande, kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Mbuzi mzee au nyama ngumu ya kuchemsha weka kijiko kimoja na nusu. Changanya na mikono mpaka kila kipande kimepata, pamoja na tangawizi, kitunguu swaumu na viungo vyako. Acha dakika 30 mpaka 45, isizidi saa. Kuku wa kienyeji dakika 20, kuku wa kisasa usimguse na papai hana haja. Samaki usiweke kabisa, anapukutika. Ndimu au siki weka mwishoni karibu na kuchoma, ukali wake ukiwa mwingi unapunguza nguvu ya papai. Chumvi unaweza kuweka mwanzo.

Usilaze usiku. Iddi moja wifi yangu kwa nia njema alilowekea kilo tano za mbuzi tangu jioni, asubuhi tukakuta nyama juu imekuwa kama uji, ndani iko ngumu vile vile. Ile haina dawa, tuliigeuza kababu. Na nyama inayolowekwa ikae kwenye friji sio juu ya meza, joto letu hili bakteria hawasubiri.

Pweza pia. Watu wa pwani wanampiga mpaka analainika, lakini ukimchemsha na vipande viwili vya papai bichi na ganda lake unaokoa mkono na gesi. Papai lile la kwenye sufuria litoe mwishoni.

Kama huna tunda, majani ya mpapai nayo yana utomvu. Bibi zetu walikuwa wanafungia nyama kwenye majani hayo lisaa hivi kabla ya kupika. Suuza nyama baadae, la sivyo inabaki na uchungu.

PAPAI BICHI KAMA MBOGA

Mboga imepanda bei, una papai bichi uani, hujalala njaa. Menya, pasua, toa zile mbegu nyeupe zote, kata vipande kama vya viazi. Loweka kwenye maji ya chumvi dakika kumi, mwaga, suuza vizuri mpaka ule utelezi uishe. Kaanga kitunguu, nyanya, kitunguu swaumu, bizari, tia papai na tui jepesi, funika lichemke mpaka kisu kinapita, alafu tui zito na pilipili nzima, koroga taratibu lisikatike, dakika tano toa. Ladha yake iko katikati ya boga na mung'unye, na wali mweupe ni kitu kingine. Ukiweka kamba wakavu au dagaa waliokaangwa ndo usiseme.

Ukimenya papai bichi nyingi vaa glovu au jipake mafuta ya kula mikononi, utomvu unawasha na unachubua, na usijishike macho.

MBEGU

Mbegu nyeusi zina ukali kama pilipili manga. Zioshe mpaka ule utando wa kuteleza utoke, zianike kivulini mpaka zikauke kabisa, saga, tumia robo kijiko cha chai kwenye kachumbari au mchanganyiko wa kulowekea nyama. Hiyo ni kiungo, na kwa kiasi hicho ni salama kwa watu wazima wengi.

Sasa habari ya minyoo. Watu wanawapa watoto vijiko vya mbegu. Ni kweli Nigeria ulifanyika utafiti mdogo kwa watoto 60, nusu wakapewa mbegu kavu zilizosagwa na asali, nusu asali tupu, na wengi wa waliopewa mbegu wakasafishika. Lakini watoto 60 ni wachache, na dozi ya nyumbani hakuna anayeijua, na dawa ya minyoo ya albendazo ni bei ndogo sana na shuleni huwa wanagawa. Mwanao mpe dawa. Mbegu ziache kwenye kachumbari.

Na wanaume mnaotafuta mtoto msizile kila siku kwa vijiko, majaribio kwa wanyama yameonesha zinapunguza nguvu za mbegu za kiume. Hapo hapo niseme kwa wadada: mbegu za papai sio uzazi wa mpango. Nenda kituo cha afya, huduma zipo.

MAJANI NA DENGUE

Hili naomba lisomwe taratibu. Dar tumepigwa na dengue mwaka 2014, ikarudi kwa nguvu 2019. Kipindi kile kila mpapai wa mtaani ulibaki kijiti, majani yote yamechumwa, watu wanatwanga wanakunywa juisi yake. Wapo watafiti, hasa huko Asia, walioona kwamba dondoo ya majani inaweza kusaidia chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, kupanda. Siwezi kusema haina kitu. Lakini majani hayaui kirusi cha dengue na hayazuii damu kuvuja mwilini, na dengue inaua pale homa ikishaanza kushuka, siku ya tatu mpaka ya saba, wakati mtu anadhani amepona.

Jirani yetu mwaka huo wa 2019 alikaa siku nne anakunywa majani, homa ikashuka akafurahi, usiku akaanza tumbo kuuma sana, kutapika, fizi kutoka damu. Alifikishwa hospitali na bodaboda akiwa hajiwezi. Alipona, namshukuru Mungu, ila alikaa wodini muda.

Kwaiyo utaratibu ni huu. Homa kali na macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vinavunjika, nenda kapime malaria na dengue. Maumivu tumia paracetamo tu. Usinywe dikilofenaki, aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza kuvuja damu. Kunywa maji mengi, madafu, ORS, juisi. Ukiona tumbo linauma mfululizo, kutapika kusikokoma, damu popote, au mtu amelegea sana, ni hospitali saa hiyo hiyo. Papai lililoiva mgonjwa ale, ni chakula laini na lina maji. Majani kama umeamua kunywa mwambie daktari, na yasiwe sababu ya kuchelewa hata masaa mawili.

NGOZI NA VIDONDA

Papai lililoiva sana, vijiko viwili, ponda, changanya na asali kijiko cha chai. Jaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono, subiri mpaka kesho. Kama hakuna muwasho paka uso safi dakika 10, nawa na maji ya kawaida. Mara moja kwa wiki. Linatoa ngozi iliyokufa juu juu, uso unakuwa laini. Halitakufanya mweupe, na hakuna sababu ya kutaka hivyo. Papai bichi usoni hapana, nimeona mtu amebabuka mashavu yote mawili.

Vidonda: ni kweli huko Gambia hospitalini walishawahi kutumia papai lililopondwa kwenye majeraha ya moto ya watoto, kwa sababu linakula nyama iliyokufa. Lakini pale kulikuwa na manesi na kila siku kidonda kinasafishwa. Nyumbani kidonda ni maji mengi na sabuni na kwenda kituo cha afya kuulizia sindano ya pepopunda. Mtoto akiungua, maji ya bomba ya kawaida dakika 20, sio papai, sio dawa ya meno, sio unga.

WANAOPASWA KUWA MAKINI

Mjamzito: lililoiva ruksa, na ni zuri. Bichi na lile la nusu nusu lenye utomvu uliache mpaka ujifungue, pamoja na mbegu na majani, utomvu wake umeonekana kwa wanyama ukibana misuli ya mji wa mimba.

Mwenye kisukari ale kipande kama cha kiganja, ale tunda lenyewe asinywe juisi, na asilile tumbo tupu bali baada ya chakula. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kiasi. Anayetumia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, vile vile aulize kwanza. Na kama glovu za mpira au puto zinakuwasha, basi papai, ndizi na parachichi vinaweza kukuletea mzio wa namna hiyo hiyo, anza na kipande kidogo sana.

KUPANDA WAKO MWENYEWE

Huhitaji shamba. Uani penye jua kutwa, nafasi ya mita mbili kutoka ukutani, inatosha.

Chagua mbegu kutoka kwenye papai tamu ulilokula. Kama lilitokana na mbegu chotara za dukani, watoto wake hawatafanana na mama, ujue hilo. Ule utando wa kuteleza unazuia kuota, kwaiyo zisugue kwenye chujio au kwa majivu mpaka uishe, osha, anika kivulini siku mbili. Panda kwenye vikopo vilivyotobolewa chini, mbegu tatu kila kimoja, udongo mchanganyiko na samadi iliyooza. Zinaota wiki mbili mpaka nne, usikate tamaa mapema. Zikifika kama kimo cha shubiri hamishia ardhini, jioni, bila kuvuruga mizizi.

Mpapai unakufa kwa maji yaliyotuama, siku mbili tu mizizi ikiwa kwenye dimbwi basi. Masika ya Dar mnayajua. Kwaiyo panda juu ya tuta lililoinuka, kama goti hivi, hata kama sasa hivi ni kiangazi na panaonekana pakavu.

Panda miche mitatu kwenye shimo moja, kwa sababu hakuna anayejua jinsia mpaka itoe maua, miezi minne mpaka sita. Dume maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama shanga. Jike maua yake ni manene, yamekaa peke yake karibu kabisa na shina. Kuna na yenye jinsia zote mbili, inajizalia yenyewe, hiyo ukiipata ing'ang'anie. Ng'oa ya ziada ubaki na mmoja mzuri. Jike pekee linahitaji dume mtaani, na uswahilini kwetu mara nyingi lipo uani kwa jirani, upepo na wadudu wanafanya kazi.

Wadudu weupe kama pamba wakijaa chini ya majani na kwenye matunda, wamwagie maji kwa nguvu, alafu pulizia maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja kwa lita moja, jioni, kila baada ya siku tano. Wanaletwa na sisimizi kutoka mti hadi mti kwaiyo pambana na sisimizi pia. Majani yakijikunja na kuwa na mabaka ya njano na tunda likiwa na alama za duara duara, hicho ni kirusi, hakina dawa, ng'oa choma moto kabla hakijaenda kwa mwenzako.

Matunda yakiwa yamebanana sana punguza madogo, haya ya kupunguza ndo papai lako la nyama na la mboga, hapo hutupi kitu. La kwanza kuiva unalipata mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili tangu kupanda. Subiri mstari wa njano utokee kwa chini, lishike lote na mkono, lizungushe taratibu mpaka likatike na kikonyo chake, na usisimame chini yake ukiangalia juu, utomvu ukiingia jichoni unaunguza, suuza kwa maji mengi.

Mti ukirefuka mkono haufiki, funga kopo la rangi lililokatwa mdomo kwenye ncha ya mwanzi, unalivika tunda unasukuma juu linaangukia ndani. Usipande mtoto juu ya mpapai, shina lake ni tupu ndani, linavunjika bila kutoa sauti.